Mama Orpa na Kugeli ya Pilipili

Baada ya miaka kumi na tisa na miezi minne ya utumishi, Mama Orpa Asukulu anastaafu leo, Ijumaa tarehe 29 Mei 2026, saa nane mchana. Tumetaja saa nane kwa makusudi. Siku ya Ijumaa jiko letu hufungwa mapema kwa ajili ya Sabato, na Mama Orpa hajawahi kuichelewesha Sabato ya Wayahudi hata kwa dakika moja. Ibada ya Jumapili ya kanisa lake mwenyewe huko Stafford ameichelewesha mara nyingi, na mchungaji wake ni shahidi.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, mhudumu wa ghorofa ya pili hapa Nyumba ya Wazee ya Tamari tangu mwaka 2009, kwa sababu mbili. Kwanza, nimefanya kazi naye kwa muda mrefu. Pili, wenzangu wote waliulizwa kabla yangu na wakasema wana shughuli. Mama Orpa mwenyewe alikubali niandike kwa masharti: nisimwite malaika, nisiweke picha yake akiwa amevaa wavu wa nywele, na nisidanganye kwamba anapenda kugeli. Nitayaheshimu yote matatu, ingawa ofisi imekwisha kuichapa ile picha.

Alifika Houston mwezi Novemba 2006 na watoto watatu, akitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, alikoishi miaka tisa baada ya kukimbia Fizi. Mumewe alimzika huko huko kambini. Tarehe 8 Januari 2007 alianza kazi kwetu kama mwosha vyombo. Kwenye fomu ya maombi palikuwa na swali kuhusu uzoefu wa upishi, na aliyemsaidia kujaza aliandika kwamba hana. Mwanamke aliyewalea watoto wake watatu pamoja na mayatima wawili wa jirani kwa unga wa mgao, kwenye mafiga ya udongo, alipokelewa Texas kama mtu asiyejua jiko.

Kugeli aliiona wiki yake ya kwanza. Kwa wageni wa chakula hiki, ni tambi pana zilizochemshwa, zikachanganywa na mayai, jibini laini, sukari, zabibu kavu na mdalasini, kisha zikaokwa ndani ya trei mpaka juu pawe pa kahawia na pagumu kidogo. Wenzetu wa Mombasa na Tanga hawakushangaa hata kidogo, maana kwao tambi za sukari ni chakula cha Idi. Mama Orpa, mtu wa ugali na samaki, alishangaa sana. Aliamini kuna mtu amemwaga sukari kwenye chakula cha mchana cha wazee, na kwa kuwa alikuwa mgeni hakutaka kumchongea yeyote. Alinyamaza na kumwombea mpishi. Maombi hayo yaliendelea kwa wiki tatu, na kila Ijumaa kosa lilirudiwa vile vile.

Hapo ndipo alipofundishwa taratibu za jiko na Bwana Lerner, mkaguzi wetu wa kosher, yaani sheria za chakula za Kiyahudi, ambaye wakati huo alikuwa na nywele. Nyama na maziwa havikutani, si kwenye sahani wala kwenye sinki. Vyombo vyekundu ni vya nyama, vya buluu ni vya maziwa, vya kijani ni vya chakula kisicho na hiki wala kile. Na moto wa oveni lazima uwashwe na Myahudi. Ukishawaka, mwingine yeyote anaweza kupika. Kwa sheria hiyo Mama Orpa amepika katika oveni ile kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote katika historia ya nyumba hii, na hajawahi kuiwasha.

Bwana Lerner ndiye pia aliyesoma jina lake kifuani siku ya kwanza na kumkumbusha, kwa wema tu, kwamba Orpa wa kwenye Biblia ndiye yule mkwe aliyegeuka njiani na kurudi kwao. Mama Orpa alimjibu kwamba Orpa yule alikuwa na kwao pa kurudi. Jibu hilo lilichukua mwaka mmoja kutoka, maana Kiingereza chake kilikuwa bado njiani, lakini Bwana Lerner anasema lilipofika lilifika lote.

Mwaka 2008 alipandishwa kuwa msaidizi wa mpishi, na mwezi wa pili wa cheo hicho akakoroga kugeli ya maziwa kwa mwiko mwekundu uliokuwa umetoka kwenye supu ya kuku. Trei sita zilitupwa. Mama Orpa alisimama kando ya pipa akiangalia chakula cha watu themanini kikiingia humo, chakula kizima, cha moto, kisicho na funza wala ukungu. Alikuwa amewahi kupanga foleni kutwa nzima kwa chakula kisichofika robo ya kile. Hakulia mbele ya watu. Alimuuliza Bwana Lerner kama kweli Mungu wa Ibrahimu hutazama mwiko. Bwana Lerner alijibu kwamba hata yeye hujiuliza swali hilo, ila ameajiriwa kutojiuliza akiwa kazini.

Siku ile alikwenda nyumbani akiwa ameamua kutorudi. Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mlangoni, na tangu hapo amekuwa mkali kuliko sheria yenyewe. Mkurugenzi wetu wa zamani alifukuzwa jikoni na mkate wake wa bata mzinga mkononi, mbele ya wageni waliokuja kukagua jengo. Bwana Lerner mwenyewe aliambiwa aoshe mikono upya. Mwanamke wa Kipentekoste kutoka Fizi akawa ndiye anayewaogopesha marabi wanaotembelea jiko letu, na wao walimsifu kwa hilo, wakiwa wamesimama nje ya mstari wa njano aliowachorea.

Hapo katikati akaja Bi Gitel Baumgarten.

Bi Gitel aliletwa kwetu mwaka 2008 na binti yake wa pekee, Elaine, ambaye ni wakili. Elaine aliiuza nyumba ya mama yake, na katika kuondoa vitu alitoa kwa msaada trei moja kuukuu ya enameli iliyobanduka pembeni, ambayo kwa macho yake ilikuwa takataka. Ndiyo trei ambayo Bi Gitel aliokea kugeli kwa miaka hamsini, na kabla yake mama yake. Kuhusu nyumba, Bi Gitel alisamehe. Kuhusu trei, hapana. Mwaka 2010 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala, Kiingereza chote kikapotea, na katika lugha ya utotoni mwake, Kiyidi, yakabaki maneno machache yanayohesabika kwa vidole. Kwa hiyo hata kugombana na binti yake hakuweza tena. Elaine alikuja kila Jumapili, akakaa dakika ishirini, akazungumzia hali ya hewa, na mama yake akatazama ukuta.

Lakini kila alfajiri Bi Gitel aliamka kabla ya watu wote, akasukuma kiti chake cha magurudumu kwa mguu mmoja mpaka mlango wa jikoni, akakaa hapo kwenye mstari wa njano. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtafuta vyumbani huku nimeshikwa na wasiwasi, kabla sijajua pa kumtafuta. Mama Orpa alimwacha akae. Nadhani walielewana upesi kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa na Kiingereza cha kupoteza.

Siku moja Mama Orpa akiwa anatia sukari kwenye kugeli, kwenye meza ya karibu na mlango, Bi Gitel alinyoosha mkono wa kushoto na kumchapa kwenye kifundo cha mkono. Si kwa nguvu, lakini si kwa mzaha pia. Kisha akaonyesha chombo cha pilipili manga. Ndipo tulipojua kwamba Wayahudi waliotoka Ulaya Mashariki wana madhehebu mawili ambayo hayamo katika kitabu chochote cha dini: watu wa kugeli ya sukari na watu wa kugeli ya pilipili, na kwamba Bi Gitel alikuwa wa pilipili, mwenye msimamo mkali. Kugeli yake haikuwa na jibini wala zabibu. Ilikuwa tambi, mayai, mafuta, chumvi, pilipili manga kwa wingi wa kutisha, na vitunguu vilivyokaangwa polepole mpaka vikawa vyeusi pembeni. Mama Orpa aliionja na kusema kwamba sasa angalau ni chakula.

Masomo yaliendelea hivyo kwa miaka saba. Mwalimu alikuwa na maneno mawili tu: "noch", yaani ongeza, na "genug", yaani inatosha. Akikosea mwanafunzi, kofi dogo kwenye kifundo cha mkono. Lakini kugeli ya pilipili haikuingia kwenye menyu. Ilikuwa trei ndogo moja, ya watu wawili, ambayo mmoja wao alikuwa anaipika tu.

Mwishoni mwa Agosti 2017 ilikuja ile mvua ambayo kila mtu wa Houston ana hadithi yake. Yetu ni hii. Jumamosi usiku maji yalifunga barabara zote zinazotuzunguka. Jumapili asubuhi tulikuwa wafanyakazi wanne wa zamu iliyopita, wazee themanini na watatu, jenereta iliyokuwa ikikohoa, na oveni baridi, kwa kuwa Sabato huzimwa. Lori la chakula halikuja. Bwana Lerner alipiga simu akiwa nyumbani kwake, ameketi juu ya meza na paka wake, akasema maji yako sebuleni na hawezi kufika.

Nilimwambia Mama Orpa aiwashe oveni. Nilimwambia wazi kwamba hakuna atakayejua. Bwana Lerner naye, kwa sauti iliyokuwa ikikatika, alianza kueleza kwamba katika hatari ya maisha sheria zinaruhusu mengi. Mama Orpa hakumsubiri amalize. Aliniambia, kwa utulivu kabisa, kwamba alishawahi kutupa trei sita kwa sababu ya mwiko mmoja, na kama leo moto hauna maana, basi siku ile alitupa chakula bure, na hilo yeye hayuko tayari kulisikia. Kisha akatazama mlangoni. Bi Gitel alikuwa amekaa kwenye mstari wa njano, kama kila siku, amevaa koti lake la usiku.

Akamsukuma mpaka kwenye oveni. Bi Gitel alikuwa na miaka tisini na mmoja. Mara ya kwanza vidole vya mkono wa kushoto viliteleza. Mara ya pili gesi ilivuma na moto ukashika. Akageuka kututazama, na ninakiri kwamba kwa miaka minane niliyomhudumia sikuwa nimewahi kuona meno yake.

Ghalani mlikuwa na tambi nyingi, mayai, gunia la vitunguu na mafuta. Jibini ilikuwa imeharibika umeme ulipokatika. Kwa hiyo nyumba nzima ilikula kugeli ya pilipili, asubuhi, mchana na jioni. Watu wa sukari walilalamika kwa mdomo uliojaa. Habari ya moto ilipoenea, wazee wa kiume waliona wivu, na Jumatatu jaji mstaafu na daktari wa meno mstaafu waligombania zamu ya kuwasha oveni mpaka ikabidi nibandike orodha kwenye friji. Nje mji ulikuwa umezama. Ndani watu walikuwa wakidai haki ya kupiga kiberiti.

Elaine alifika Jumanne. Alikuwa ametembea kutoka Bellaire, sehemu nyingine maji yakiwa kiunoni, viatu mkononi. Hakwenda mapokezi. Alikuja moja kwa moja jikoni na kukanyaga mstari wa njano, na kwa mara ya kwanza Mama Orpa hakumwambia mtu arudi nyuma. Bi Gitel alikuwa kwenye meza, Mama Orpa akinyunyiza pilipili kwenye bakuli. Bi Gitel alimtazama binti yake, akanyoosha mkono wa kushoto, akaushika mkono wa koti lake uliolowa, akasema: "Genug."

Inatosha. Elaine alipiga magoti sakafuni na kulia kama mtoto, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Miaka tisa ya trei na ukuta ilikuwa imekwisha kwa neno moja. Mimi nililia pia. Mama Orpa aliacha kunyunyiza pilipili, akaweka chombo chini, akageukia sinki.

Baada ya mafuriko wazee hawakukubali kurudi nyuma. Kamati iliundwa, ikavunjika, ikaundwa tena, na mwisho ikaamuliwa kwamba kila Ijumaa zitatoka kugeli za aina mbili, na watu wa sukari na watu wa pilipili wakae meza tofauti. Wageni walianza kuandika katika kitabu cha maoni. Mmoja aliandika kwamba hiyo ndiyo ladha halisi ya bibi yake aliyezaliwa Lithuania. Mwaka 2022 nyumba yetu ilipeleka kugeli ya pilipili kwenye mashindano ya mapishi ya asili, ikashika nafasi ya kwanza, na mwamuzi alisema kwenye kipaza sauti kwamba mkono kama huo haufundishwi shuleni, unatoka katika damu. Mkurugenzi alipanda jukwaani kupokea kikombe. Mama Orpa hakuwapo. Alikuwa jikoni anaoka trei nyingine, kwa sababu waamuzi walikuwa wamekula ya kwanza yote. Kikombe kipo mapokezi, kwenye kabati la kioo, na ufunguo haujulikani ulipo.

Nimekimbilia mashindano na kuruka jambo kubwa zaidi. Bi Gitel alifariki Machi 2019, usingizini. Kwa mwaka mmoja na nusu baada ya mafuriko binti yake alikuwa akija si Jumapili tu bali na katikati ya wiki, na wakakaa bega kwa bega, kimya, wakitazama dirisha badala ya ukuta. Siku za maombolezo zilipokwisha, Elaine alikuja jikoni siku ya Alhamisi, akasimama nyuma ya mstari wa njano, akasema ana swali. Mama Orpa alidhani atauliza jinsi ya kupika kugeli.

"Siku ile ya mafuriko," Elaine alisema, "mama aliposema genug, alikuwa ananiambia mimi?"

Mama Orpa alijua jibu. Hakuna mtu mwingine katika jimbo zima la Texas aliyelijua neno lile kutoka kinywa kile kama yeye. Alikuwa amelisikia mara elfu, na kila mara lilihusu kilichokuwa mkononi mwake. Siku ile mkononi mwake kulikuwa na pilipili, na kweli ilikuwa imetosha. Alimwomba Elaine arudi Alhamisi inayofuata.

Wiki hiyo hakulala vizuri. Alikwenda kwa mchungaji wake, mtu mpole asiyefika mahali popote kwa wakati, naye akamwambia kwamba uwongo ni uwongo na kweli humweka mtu huru. Akamwendea Bwana Lerner, aliyewahi kutupa trei sita kwa ajili ya mwiko, naye akamwambia kwamba kwa ajili ya amani kati ya mzazi na mtoto sheria inamruhusu mtu kuipinda kweli kidogo. Mama Orpa alinisimulia haya tukiwa kituo cha basi, amechanganyikiwa kabisa: asiye na haraka ndiye amemfungia mlango, na mkali ndiye amemfungulia. Nilimwambia amdanganye tu. Alinitazama kama siku ile nilipomwambia awashe oveni.

Alhamisi Elaine alirudi. Alichomjibu nakinukuu kwa Kiswahili chake, kama alivyonisimulia mwenyewe jioni ile:

"Ile neno ilikuwa ya pilipili. Mimi ndiye nilikuwa naimwanga. Lakini mukono, ile haikuwa ya pilipili. Mukono ilikuwa yako. Alikushika mbele ya kusema, na hakukuachilia mpaka tulimwondoa kwa meza. Mimi alinichapa miaka saba, hakunishika hata siku moja."

Elaine alicheka, huku machozi yakitoka, akasema kwamba ndivyo mama yake alivyokuwa. Hata katika siku kama ile angemkumbuka mpishi. Akauliza kama anaweza kujifunza. Mama Orpa alimwambia avue pete.

Alhamisi iliyofuata wakili alikuja na daftari na mizani ndogo ya kupimia. Vyote viliwekwa kwenye droo. Alipomimina mafuta kwa wingi, alichapwa kwenye kifundo cha mkono, si kwa nguvu, lakini si kwa mzaha pia. Ndivyo ilivyotokea kwamba binti wa Gitel Baumgarten, aliyezaliwa hapa hapa Houston, alifundishwa kugeli ya ukoo wake na mama wa Fizi, ambaye mpaka leo hajawahi kumaliza kipande kimoja. Nimemuuliza mara nyingi kwa nini. Husema ni nzuri sana, na anawaombea wanaoila.

Elaine bado anakuja kila Alhamisi. Mwaka 2020 janga lilipowafungia wageni nje, Mama Orpa alimsomesha kwa simu, akimwagiza aiweke karibu na kikaangio ili asikie vitunguu. Alidai anajua kwa sauti vinapoanza kuungua, na sijawahi kumwona akikosea.

Wiki iliyopita, kwa sikukuu ya Shavuoti, alipika kwa mara ya mwisho kama mwajiriwa: trei kumi na mbili za jibini na zabibu, kwa kuwa sikukuu hiyo ni ya vyakula vya maziwa, na trei nne za pilipili, kwa kuwa watu wa pilipili hawajali ni sikukuu gani. Funguo za ghala amemkabidhi Bisimwa, kijana wetu wa Bukavu ambaye amekuwa msaidizi wake miaka mitatu. Bisimwa anakiri hadharani kwamba anaipenda kugeli ya sukari. Mama Orpa amesema atamwombea yeye pia.

Kuhusu chakula cha leo, wengi wameuliza kwa nini ukumbi unanuka hivi. Mama Orpa aliulizwa angependa kuagwa kwa chakula gani, akasema ugali na ndagala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika. Bwana Lerner, ambaye naye angestaafu zamani kama angepata wa kumrithi, alieleza kwamba samaki lazima awe na mapezi na magamba, na kwamba hajui lolote kuhusu samaki huyu. Aliletewa kilo mbili. Kwa siku mbili aliketi chini ya taa na kioo cha kukuzia, akiwachambua mmoja mmoja, akihesabu mapezi ya samaki wenye urefu wa kidole. Jumatano alitangaza kwamba wameruhusiwa. Wazee wameonywa kwamba chakula kitawatazama. Jaji mstaafu ameonja mapema na kusema kinahitaji sukari.

Mama Orpa anahamia Mesquite, upande wa Dallas, kwa mwanawe Josué, ambaye ni msimamizi wa ghala huko na ana watoto wanne. Josué amekuwa akimpigia simu kwa miaka miwili akimwambia, "Mama, u-retire tu, watoto wanakuhitaji." Watoto wenyewe wakizungumziwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, na nyanya yao ana mpango nao. Aliyewahi kufundishwa kwa maneno mawili, asema, anaweza kufundisha kwa mia tatu.

Ofisi ya wafanyakazi ilimletea fomu ya mwisho, yenye nafasi ya kuandika sababu ya kuondoka. Walimpendekezea kwa upole aandike kwamba anakwenda kutafuta fursa mpya, kwa sababu ndivyo wengi huandika. Alichukua kalamu na kuandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza chake kilichokwisha kufika: nimechoka kusimama.

Kwa hiyo, Mama Orpa, kwa niaba ya jikoni, ghorofa zote tatu, meza ya sukari na meza ya pilipili, tunakushukuru. Tunakuombea kiti chenye mgongo mzuri na mto, miguu isiyovimba, wajukuu wanaojibu kwa Kiswahili japo mara moja kwa wiki, na chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Leo sisi ndio tutakaosimama. Wewe keti.

Jerioth Wanja
Ghorofa ya Pili